Maisha ya Carl Friedrich Gauss na Hesabu Iliyo Ndani ya Simu Zetu

Mhariri ameniomba niandike katika kurasa za Kiswahili habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani. Wengine wamekwisha kuandika habari za wafalme na za wasafiri. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakupata kuongoza jeshi wala kuvuka bahari. Jina lake ni Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, mtaalamu wa hesabu. Lakini kwanza nitaeleza jinsi nilivyolipata jina lake, maana sikulipata darasani.

Kwetu ni Ayivu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Arua. Baba yangu ana simu ndogo ya mkono, ile ya vitufe, nayo huchajiwa dukani kwa malipo. Usiku mmoja wa likizo iliyopita, shangazi yangu aliyeolewa Koboko alipiga simu kutupasha habari za bibi, ambaye alikuwa mgonjwa. Baba alisikia jina la bibi, akasikia neno la hospitali, kisha sauti ikavunjikavunjika, mwisho ikanyamaza kabisa. Tulikaa kimya. Kila mmoja wetu alijaza moyoni mwake maneno yaliyokosekana, na mama aliyajaza kwa mabaya, akaanza kulia. Ndipo baba akatwaa tochi, akatoka nje, akapanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko, hatua kama kumi tu kutoka mlangoni, akapiga tena. Huko sauti ya shangazi ilisikika safi kana kwamba amesimama karibu. Bibi alikuwa ametoka hospitalini siku ile ile, tena alikuwa ameomba chai.

Tulimshukuru Mungu, tukalala. Lakini mimi sikupata usingizi upesi. Nilijiuliza imekuwaje hatua kumi ziweze kutenganisha kilio na furaha. Juma lililofuata akaja fundi kutengeneza mnara wa simu ulio karibu na soko letu. Nilimwamkia, nikamsaidia kubeba kamba zake, kisha nikamwuliza swali langu. Alikuwa mtu mpole, akachukua kijiti akanichorea chini.

Alinieleza ya kuwa mawimbi yatokayo mnarani hayaji kwa njia moja. Mengine huja moja kwa moja. Mengine hugonga kilima, au mabati ya nyumba, au lori lipitalo barabarani, ndipo yafike yakiwa yamechelewa na yamepungua nguvu. Yote huingia katika simu kwa pamoja, kama vile mtu apigaye ukelele mbele ya jabali asikiavyo sauti yake pamoja na mwangwi wake. Mahali pamoja mawimbi hayo husaidiana, na hatua chache kando huuana. Kwa hiyo simu haiwezi kusoma ujumbe kabla ya kukisia njia ilivyo, yaani mawimbi yamepunguzwa kiasi gani na yamecheleweshwa kiasi gani. Tena lazima ikisie upya kila wakati, kwa sababu watu hutembea na malori hupita. Nikamwuliza, simu ndogo kama ya baba hupata wapi akili ya kufanya kazi hiyo yote na betri yake isiishe mara moja? Akanijibu kwamba hesabu yenyewe ilibuniwa na Mjerumani mmoja zamani, wakati hakuna simu yoyote duniani, akalitaja jina la Gauss. Niliporudi shuleni nilikwenda maktaba kumtafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Gauss alizaliwa katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1777. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono. Alijenga kuta, akatunza bustani, akafanya kila kazi iliyompatia chakula. Mama yake, Dorothea, alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuolewa, naye hakuwa na elimu. Hakuiandika tarehe aliyomzaa mwanawe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Nadhani wengi wetu tuna wazee wanaohesabu umri wao kwa namna hiyo, kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige. Baadaye Gauss alitunga kanuni ya kupata tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote. Ukiitumia kwa mwaka 1777 utaona Pasaka ilikuwa tarehe 30 Machi, na Kupaa Bwana tarehe 8 Mei. Basi siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 30 Aprili.

Alipokuwa na miaka saba alitiwa shule. Huhadithiwa kwamba siku moja mwalimu wao, Bwana Büttner, alitaka watoto wakae kimya, akawaamuru wajumlishe namba zote tangu 1 mpaka 100. Wenzake waliinama juu ya vibao vyao, wakaanza kuongeza moja baada ya moja. Gauss aliandika jibu mara moja, akaweka kibao chake mezani. Alikuwa ameona kwamba 1 na 100 ni 101, na 2 na 99 ni 101, na kadhalika mara 50, kwa hiyo jumla ni 5,050. Tuangalie sana jambo hili. Mtoto yule hakuwa mwepesi wa kujumlisha kuliko wenzake tu. Aliipanga kazi kwanza, na kazi ikapungua. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote za maisha yake.

Katika shule ile palikuwa na kijana msaidizi wa mwalimu, jina lake Martin Bartels, aliyempita Gauss kwa miaka minane tu. Bartels alipenda hesabu, akamkalisha mtoto karibu naye wakasoma vitabu pamoja. Hakumficha kitu. Naomba msomaji amkumbuke Bartels, maana tutakutana naye tena.

Sifa za mtoto zikamfikia Mtawala wa Braunschweig, Carl Wilhelm Ferdinand, ambaye tangu mwaka 1791 alimlipia gharama za masomo. Bila fadhili hiyo huenda mwana wa maskini angebaki kubeba matofali. Mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Wakati huo hakuwa ameamua kama atasoma lugha za kale au hesabu. Lakini tarehe 30 Machi 1796, akiwa bado na miaka 18, aligundua ya kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Tangu siku za Wayunani, miaka kama elfu mbili, hakuna aliyejua jambo hilo. Furaha yake ikakata shauri: atakuwa mtu wa hesabu. Siku ile ile akafungua daftari dogo la kuandikia uvumbuzi wake. Mimi nina miaka 19, nami nasoma habari hizi kwa heshima na aibu kidogo.

Daftari lile lilikuwa na habari 146, nyingine za mstari mmoja tu, nyingine za maneno ambayo mwenyewe peke yake aliyafahamu. Hakumwonyesha mtu. Lilipatikana kwa wajukuu wake mwishoni mwa miaka ya 1890, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 40. Hapo wataalamu waliona kwamba mambo mengi waliyokuwa wamevumbua watu wengine kwa taabu, yeye alikuwa ameyajua zamani, akanyamaza.

Jambo lililompa jina duniani lilitokea mwaka 1801. Tarehe 1 Januari mwaka huo padre mmoja wa Italia, Giuseppe Piazzi, aliona kutoka Palermo nyota ndogo inayotembea, akaiita Ceres. Aliiangalia kwa siku 41, kisha ikapotelea katika mwanga wa jua. Je, itatokea wapi baada ya miezi? Wataalamu wa nyota walikisia, wakatafuta, wasiione. Gauss, kijana wa miaka 24, alichukua vipimo vichache vya Piazzi, akatafuta njia mpya ya kuhesabu mzunguko wa nyota ile, akataja mahali pa kuangalia. Mwezi Desemba mwaka ule ule Franz von Zach aliiona karibu na pale Gauss alipopataja. Ulaya nzima ikastaajabu.

Basi kazi za namna hii zina shida moja, nayo ni kwamba kila kipimo kina kosa dogo. Mkono hutetemeka, na hewa huchezacheza. Ukiwa na vipimo vingi, haviwezi kukubaliana vyote. Hapa ndipo ilipotumika hesabu iitwayo njia ya miraba midogo kabisa. Nitaieleza kwa mfano wa nyumbani.

Tuseme umehesabu hatua kutoka lango la shule mpaka kanisani, ukapata 140. Kutoka kanisani mpaka bomba la maji, 230. Kisha umerudi langoni, ukahesabu kwa mkupuo mmoja mpaka bombani, ukapata 373. Lakini 140 na 230 ni 370! Umekosa mahali, nawe hujui wapi. Mtu mmoja atasema kipimo cha mwisho ndicho kibaya, akitupe. Gauss asingetupa hata kimoja. Angetafuta namba zinazokubaliana, na ambazo tofauti zake na vipimo, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, jumla yake ni ndogo kuliko jumla nyingine zote. Hapa jibu ni 141, 231 na 372. Kila kipimo kimesogezwa hatua 1, na jumla ya miraba ni 3. Kama tungekitwika kipimo kimoja kosa lote la hatua 3, mraba wake ungekuwa 9. Jaribuni wenyewe namba nyingine, hamtapata chini ya 3. Hesabu hii haimlaumu shahidi mmoja peke yake, wala haimdharau hata mmoja.

Sasa turudi kwenye kichuguu cha baba. Simu za namna ile, ambazo mpango wake ulitungwa Ulaya katika miaka ya 1980, hupeleka sauti katika vipande vifupi sana. Kila kipande ni ishara 148, nazo hupita katika muda mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ishara 26 za katikati si sehemu ya mazungumzo hata kidogo. Ni alama ambazo mnara na simu huzijua tangu mwanzo. Mnara huzipeleka, na simu hutazama zimefikaje. Kwa kuwa inajua zilivyotoka, na inaona zilivyofika, yaweza kukisia njia imezifanyia nini. Wimbi lililozunguka kilimani likaongeza safari ya kilometa moja na kidogo huwa limechelewa kwa ishara moja nzima, nalo humkanyaga mwenzake aliye nyuma. Zile alama 26 ndizo mashahidi. Ushahidi wao haukubaliani kamili, kwa sababu ya kelele za angani, kama vile hatua zetu za kwenda bombani zisivyokubaliana. Basi simu hutafuta miraba midogo kabisa, kama alivyofanya Gauss.

Tena wahandisi walifanya jambo la busara kama lile la mtoto na kibao chake. Walizichagua zile ishara 26 kwa mpangilio ambao hufanya hesabu yenyewe iwe karibu kujumlisha na kutoa tu. Kwa hiyo simu ya mtu maskini, yenye betri ndogo, inaweza kuifanya mara nyingi katika kila sekunde. Mimi nilidhani kazi ya wataalamu ni kutafuta hesabu ngumu. Kumbe mara nyingi kazi yao ni kutafuta hesabu nyepesi inayotosha.

Baada ya Ceres, Gauss alioa mwaka 1805, akampenda sana mkewe Johanna. Lakini huzuni zikaja moja baada ya nyingine. Mwaka 1806 mfadhili wake, Mtawala wa Braunschweig, alijeruhiwa vitani akipigana na Wafaransa wa Napoleon, akafa. Mwaka 1807 Gauss alipewa kazi ya kusimamia nyumba ya kuangalilia nyota katika Göttingen, na kazi hiyo aliishika mpaka kufa. Mwaka 1808 baba yake alikufa. Mwaka 1809 Johanna naye akafariki baada ya kujifungua, na mtoto mchanga hakuishi muda mrefu. Gauss alioa tena mwaka uliofuata, lakini waliomjua walisema hakurudi kuwa mtu yule wa kwanza. Mama yake mzee alimchukua akae kwake Göttingen. Mama huyo alipofuka macho, na mwanawe akamtunza mpaka alipokufa mwaka 1839, akiwa amepita miaka 90. Hilo nalo ni jambo la kumsifu.

Alifanya kazi nyingine nyingi. Katika miaka ya 1820 alipima nchi ya Hannover kwa pembetatu kubwa kutoka kilima hata kilima, akabuni chombo chenye kioo cha kurusha mwanga wa jua mbali sana ili mpimaji wa upande wa pili auone. Kazi ya kupima nchi kwa pembetatu ilifika hata kwetu katika karne ya 20, na vipimo viitwavyo Arc 1960 vimetumika kuchorea ramani za Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka 1833, pamoja na rafiki yake Wilhelm Weber, alinyosha waya juu ya mapaa ya Göttingen, kadiri ya kilometa moja, wakapelekeana habari kwa nguvu za umeme.

Lakini nataka kueleza zaidi jambo moja alilolifanya yapata mwaka 1805. Alikuwa akifuata nyota nyingine ndogo, Pallas, iliyogunduliwa mwaka 1802. Alikuwa na vipimo 12 vilivyoachana kwa nafasi sawa, akataka kujua nyota ilikuwa wapi katika mapengo yaliyo kati yake. Kwa njia ya kawaida, kila kimoja katika vipimo 12 kingezidishwa mara 12, yaani mazidisho 144. Gauss akavigawa vipimo katika mafungu 3 ya vipimo vinne vinne. Fungu la vinne lataka mazidisho 16, na mafungu matatu 48. Kisha akayaunganisha kwa hesabu 4 za vitatu vitatu, kila moja mazidisho 9, jumla 36. Nazo 48 na 36 ni 84, ukiacha kazi ndogo ya kuunganishia. Kazi imepungua karibu nusu. Na namba zikiwa nyingi, faida huwa kubwa ajabu.

Simu kubwa za siku hizi, zile za 4G ambazo watu wa mjini Arua wanazo, haziwezi kuishi bila hesabu hiyo. Hizo huigawa njia ya mawimbi katika vijia vingi vyembamba. Katika mpango mmoja wa kawaida vijia ni 600, na kwa wakati mmoja vijia 100 hubeba alama zinazojulikana. Simu hugawanya kilichofika kwa kilichotumwa, mara moja kwa kila alama, kisha hujaza mapengo katikati, kama Gauss alivyojaza mapengo ya Pallas. Lakini kwanza lazima ivitenganishe vijia vyote, kwa kazi ya namba 1,024. Kwa njia ndefu yangekuwa mazidisho 1,048,576. Kwa njia ya kugawa mafungu ni kadiri ya 5,120 tu. Betri gani ingestahimili ile njia ndefu?

Hapa ndipo moyo wangu unaposikitika. Gauss aliandika njia hiyo ya mafungu kwa Kilatini, akaiweka miongoni mwa karatasi zake, asiichapishe. Alikufa tarehe 23 Februari 1855. Ilichapwa mwaka 1866 katika vitabu vilivyokusanya kazi zake, na watu wachache sana wakaiangalia. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, James Cooley na John Tukey, wakaibuni upya, na mara ikaenea katika mashine zote za hesabu duniani. Kutoka 1805 mpaka 1965 ni miaka 160. Katika miaka hiyo ni watu wangapi waliohesabu kwa njia ndefu mpaka macho yakauma?

Hata ile njia ya miraba ilileta ugomvi. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha mwaka 1805. Gauss akaichapisha mwaka 1809, akasema yeye alikuwa akiitumia tangu 1795. Legendre alikasirika sana, na ni haki yake, maana mtu atajuaje kilicho katika sanduku la mwingine?

Lililo baya kuliko yote ni habari ya kijana wa Kihungaria, János Bolyai, mwana wa rafiki wa Gauss tangu siku za chuo. Kijana huyo alivumbua jiometri mpya ambayo ndani yake mistari sambamba haifuati sheria ya Euclid. Mwaka 1832 baba yake alimpelekea Gauss kazi hiyo, akitumaini mwanawe atatiwa moyo. Gauss alijibu ya kuwa hawezi kumsifu kijana, kwa sababu kumsifu ni kujisifu mwenyewe, naye aliyafikiri mambo hayo hayo miaka mingi iliyopita. Huenda hakukusudia ubaya. Lakini Bolyai alivunjika moyo, na hakuchapisha tena kazi ya hesabu. Wakati ule ule, mbali huko Urusi, Nikolai Lobachevsky alikuwa ameichapisha jiometri kama hiyo tangu mwaka 1829. Naye alifundishwa na nani? Na Martin Bartels, yule msaidizi wa mwalimu aliyemkalisha Gauss karibu naye! Bartels hakuwa na akili ya Gauss, lakini aliwapa watu vyote alivyokuwa navyo.

Nisije nikamwonea mtu aliyekufa. Gauss hakuwa mchoyo wa mali, wala hakutafuta makofi ya watu. Alitaka kila kazi yake itoke ikiwa kamili, isiyo na doa. Muhuri wake ulikuwa na picha ya mti wenye matunda machache, kuonyesha kwamba machache yaliyoiva ni bora. Ni wazo zuri. Lakini tunda lisilochumwa huiva, kisha huoza, na mwenye njaa hupita chini ya mti asijue.

Nasema haya kwa kuwa mimi nami nina kosa. Tulipokuwa kidato cha tano, mjomba wangu alinipa kitabu cha zamani cha hesabu. Ndani yake nilijifunza kufumbua milinganyo mitatu ya visivyojulikana vitatu kwa kuandika tarakimu peke yake katika safu, na kuondoa kisichojulikana kimoja baada ya kingine. Mwenzangu wa dawati aliona ninamaliza upesi, akaniuliza nafanyaje. Nilifunika daftari kwa mkono, nikamwambia ni mazoezi tu. Katika mtihani wa mwisho wa muhula mimi nilifaulu, naye hakumaliza karatasi. Baadaye aliacha hesabu akahamia masomo mengine, ingawa siku zote alitaka kuwa mhandisi. Sisemi ni kwa sababu yangu peke yake. Lakini niliposoma maktaba kwamba njia ile ya safu huitwa kwa jina la Gauss, na kwamba Wachina walikuwa nayo hata kabla yake kwa karne nyingi, nilifunga kitabu nikakaa. Nilikuwa nimeficha kitu ambacho hata si changu.

Kabla ya kuandika makala hii nilimwendea mwenzangu, nikamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nimwonyeshe. Tukakaa juu ya ngazi za bweni, nikamwonyesha, akaielewa kwa dakika chache. Masomo aliyoyaacha hawezi kuyarudia sasa, na jambo hilo siwezi kulitengeneza. Lakini tangu siku ile, kila Jumamosi baada ya usafi, sisi wawili huandika hesabu ubaoni katika darasa la kidato cha pili, na yeyote apendaye huja. Juma lililopita walikuja 14. Yeye hufundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu anakumbuka mahali mtu anapokwama.

Ninyi wanafunzi wa zamani, ikiwa mna madaftari yenu mema masandukuni, maktaba yetu ina nafasi. Na ninyi wenzangu, mtu akiuliza jinsi ulivyopata jibu, ondoa mkono juu ya daftari. Mimi ninamheshimu Gauss kwa kila alichokiandika, na kila baba anaposikia sauti safi kutoka Koboko nitamkumbuka. Lakini nikiulizwa ningependa kufanana na nani, nitajibu kwamba ningependa kufanana na Bartels.